Kovu Linalodunda

Upasuaji wenyewe ulikuwa mdogo, kiasi kwamba Daktari Nanzia aliufanya huku akizungumza habari za mvua. Alichoma sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akapasua mahali pasipozidi upana wa ukucha, akaingiza koleo na kutoa kitu cheupe kinachofanana na punje ya muhindi. Akakidondosha kwenye bakuli la bati.

Mama Kiure alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Imeshatoka?" aliuliza.

"Imeshatoka, mama."

"Mbona bado namsikia?"

Daktari aliinua macho kutoka kwenye jeraha. Alimtazama Namsifu, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda akimshika mgonjwa bega. Namsifu alikuwa mkandaji wa makovu katika kituo hicho cha afya cha Usangi. Alikuwa pia mkwe wa mama huyo, mke wa Kiure, ambaye moyo wake ulikuwa bado unadunda mkononi mwa mama yake ilhali mwenyewe amekwisha kufa.

"Tumetoa mbegu," Daktari Nanzia alisema huku akishona. "Mizizi imebaki. Ni myembamba kuliko unywele, na imejisokota kwenye mishipa yako ya fahamu. Nikiifuata kwa kisu nitakata na ya kwako. Hiyo inakufa kwa kukandwa tu. Kidonda kikishafunga, Namsifu atalikanda kovu kila siku mpaka ngozi iachane na kilicho chini yake. Mizizi ikikosa pa kujishikiza, inanyauka."

"Na yeye atanyamaza?"

"Itanyamaza, mama. Ni mashine."

Mama Kiure aligeuza uso kutoka ukutani. "Nimeuliza yeye," alisema.

*

Pacha zilifika milimani wakati vijana walipoanza kushuka kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya chini ya bahari. Huko chini hakuna simu inayofika. Kijana alikuwa akizama na kikosi chake, anakaa miaka miwili au mitatu bila kuonekana, na nyumbani wanabaki hawajui kama ni mzima. Ndipo ikaletwa pacha: vidude viwili vilivyozaliwa pamoja, kimoja kinawekwa chini ya ngozi ya anayeondoka na kingine kwa anayebaki. Kila kimoja hutoa nyuzi hai zinazojiunga na mishipa, na nyuzi hizo hujikunja na kujinyoosha kufuata moyo wa mwenzake. Ukiweka kidole kwenye kifundo cha mkono, unausikia moyo wa mtu wako ukipiga, popote alipo.

Kila mtu aliruhusiwa pacha moja tu. Waliojaribu kubeba mioyo miwili waliishia kushindwa kujua upi ni wao.

Jioni moja kabla ya kuondoka, Kiure alimkuta Namsifu akianua nguo chini ya nyavu za kunasia ukungu, zile walizokuwa wakipatia maji ya kunywa. Alisimama akizungukazunguka na maneno yake, mpaka Namsifu akamwambia aseme.

"Nataka pacha nimpe mama," Kiure alisema. "Wewe una nguvu, Namsifu. Una kazi, una wenzako. Mama ana mimi tu. Nikimwacha hivihivi, hatalala."

"Mpe," Namsifu alisema.

"Umekasirika?"

"Nimesema mpe."

Na kweli hakukasirika, au alijiambia hivyo. Ila katika miaka mitatu iliyofuata, kila alipomwona mama mkwe wake ameketi kibarazani amejishika mkono, akitabasamu peke yake, alitafuta kazi ya kufanya jikoni.

Siku mgodi ulipoingia maji, Mama Kiure alikuwa shambani akipalilia. Aliangusha jembe akapiga kelele. Namsifu alipofika mbio, alimkuta amepiga magoti katikati ya maharage. "Anakimbia," alikuwa akisema. "Moyo wake unakimbia. Kuna kitu." Wakakaa pale chini wameshikana. Baada ya muda uso wa mama ukalegea. "Umetulia," alisema. "Unapiga vizuri. Ameshapona. Asante Mungu, ameshapona." Usiku huo walipika wali, wakawaita majirani.

Kesho yake watu wa kampuni walifika na gari lao la angani, wakasimama uani wamevua kofia. Mama Kiure hakuwaelewa. Aliwanyooshea mkono wake. "Shikeni wenyewe," aliwaambia. "Shikeni. Mtu aliyekufa ana moyo?"

Mmoja wao, kijana mwenye sauti ya upole, ndiye aliyewaeleza. Mtandao wa pacha huko chini ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na zamani kila ulipokatika, familia zilikuwa zikilia msiba usiokuwepo. Kwa hiyo watengenezaji waliifundisha pacha, hata nyuzi zake, kuyakariri mapigo ya mtu. Mawasiliano yakipotea, inaendelea kuyarudia yenyewe. Walidhani wanafanya jambo la huruma.

Miili haikupatikana. Wazee wa ukoo walipokuja kupanga matanga, Mama Kiure aliwakatalia. Mtoto ambaye moyo wake unapiga, alisema, yeye hamlilii.

Hata kuitoa pacha alikataa, mpaka vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Nyuzi zisizopata habari kutoka upande wa pili hazitulii. Huendelea kukua zikitafuta, zikipanda juu kwenye mkono, na kila mshipa zinaoupitia zinaunyonga.

*

Mshono ulipofunga vizuri na nyuzi za daktari kutolewa, Namsifu alianza kazi. Alimketisha mama kwenye kigoda penye jua la asubuhi, akaweka mkono wake juu ya mto, akachota mafuta ya mgando kidogo kwa ncha ya kidole.

Kazi hii aliijua. Unaanza pembeni ya kovu, taratibu, ili ngozi ikuzoee. Kisha unapanda juu ya kovu lenyewe, unabonyeza mpaka ngozi ipauke, unazungusha, unaivuta huku na huku, unaikunja na kuiinua. Kovu jipya ni gumu na linang'ang'ania kila kilicho chini yake. Mkandaji analibembeleza na kulilazimisha kwa pamoja, mpaka siku moja liteleze kama ngozi nyingine. Amewakanda akina mama waliotoka kujifungua kwa kisu, wazee waliotolewa vinyama mgongoni, watoto walioungua uji. Wote walikunja uso, na wote aliwaambia, "Vumilia, bado kidogo."

Aliweka kidole gumba juu ya kovu la mama mkwe wake, na kovu likampiga.

Aliondoa mkono.

"Nini?" Mama Kiure aliuliza.

"Hamna, mama. Mafuta yameteleza."

Akarudisha kidole. Lilikuwa pale, dogo, la uvuguvugu, likimsukuma. Na baada ya mapigo machache likasita, kama mtu anayejikwaa, kisha likaendelea. Namsifu alilijua kusita huko. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amelala na sikio kifuani kwa Kiure, na moyo wake ulikuwa na tabia hiyo ya kusahau pigo moja halafu kulikumbuka. Daktari aliwahi kusema ni alama ya kuzaliwa tu, haina neno. Namsifu alikuwa akimtania kwamba moyo wake una kigugumizi.

Alifumba macho. Alijua kwamba ni nyuzi, na angeweza kumweleza mtu yeyote zinavyofanya kazi. Lakini mwili wake haukutaka maelezo. Ulikuwa umekaa miaka mitatu bila hicho kitu, na sasa kilikuwa chini ya kidole chake.

Hakubonyeza. Alizungusha kidole juujuu, kama mtu anayepaka losheni, mpaka mafuta yakakauka.

"Inauma?" aliuliza.

"Hapana," Mama Kiure alisema, akiwa anatazama kule bondeni. "Haiumi hata kidogo. Una mkono mwepesi."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Namsifu alijiambia kwamba anamhurumia mama. Huyu ni mzazi aliyepoteza mtoto wa pekee. Hana kaburi la kwenda kulia. Ni nani mwenye haki ya kumnyang'anya hiki kidogo kilichobaki, eti kwa sababu kitabu cha tiba kimesema? Amwache kwanza azoee. Wiki ijayo atabonyeza kidogo. Wiki ijayo ilipofika, aliiahirisha tena. Mama naye hakulalamika wala kuuliza mbona kovu halilainiki. Alikuwa akileta kigoda mwenyewe, anakaa, ananyoosha mkono.

Kituoni, Daktari Nanzia aliuliza mara moja tu, wakiwa wanapishana kwenye korido.

"Mama anaendeleaje? Kovu linateleza?"

"Linalainika," Namsifu alisema.

"Vidole je? Vinahisi?"

"Polepole."

Daktari alimtazama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu. "Ukiona ni vigumu kwa sababu ni nyumbani, niambie. Nitamwita mkandaji kutoka mjini Same. Hakuna aibu yoyote."

"Si vigumu," Namsifu alisema, na akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

*

Jumapili, baada ya ibada, Mama Kiure alipika makande. Namsifu alikuwa akipanga sahani mezani, wakiongea habari za harusi iliyotangazwa kanisani, na mama akawa anaipua sufuria. Mkono wa kulia alikuwa ameshika tambara. Tambara la mkono wa kushoto lilikuwa limemtoka na kuanguka sakafuni, na hakuwa na habari.

"Yule binti ni wa kwa akina Mrindoko," alikuwa akisema huku akija na sufuria. "Ni wale wa huku juu, si wale wa..."

Namsifu alisikia harufu kabla ya kuona. Alipogeuka, mama alikuwa ameishika sufuria kwa vidole vitupu, anatembea pole pole asimwage mchuzi, uso umetulia kabisa.

"Mama! Weka chini! Weka!"

Mama Kiure aliweka sufuria juu ya meza, akashangaa. Kisha akaangalia mkono wake. Ngozi ya vidole ilikuwa imebaki kwenye sikio la sufuria.

"Tazama," alisema kwa sauti ndogo. "Wala sijasikia."

Namsifu alimburuta hadi kwenye pipa la maji ya ukungu, akauzamisha mkono ule, akaushikilia humo. Alikuwa analia kwa sauti. Mama ndiye aliyekuwa akimbembeleza, akimpapasa kichwa kwa ule mkono mzima. "Haiumi, mwanangu. Nyamaza. Nakwambia haiumi." Na kila aliposema haiumi, Namsifu alilia zaidi.

*

Daktari Nanzia alipitisha kioo cha kupimia juu ya mkono kuanzia vidoleni, na picha ya mishipa ikajichora hewani, ya manjano, na katikati yake nyuzi nyeupe zikipanda kama mizabibu. Zilikuwa zimekaribia kiwiko.

Alizima kioo. Alipaka dawa ya kuungua, akafunga bandeji. Kisha akamwita Namsifu pembeni, dirishani.

"Hujamkanda," alisema.

"Nimemkanda kila siku."

"Namsifu. Umempaka mafuta kila siku."

Namsifu hakuweza kumtazama. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. "Nilishindwa," alisema. "Ningewezaje kumuua mtoto wake mara ya pili, na kwa mikono yangu?"

"Zikivuka kiwiko, itabidi tukate mkono. Zikifika begani, sijui tutakata nini." Daktari alishusha sauti. "Sikulaumu. Lakini nataka uniambie ukweli. Nimwite mtu mwingine?"

Mama Kiure aliita kutoka kitandani. Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. "Hakuna kuita mtu. Daktari, tupishe kidogo tafadhali."

Daktari alitoka, akafunga mlango.

"Njoo ukae," mama alisema. Namsifu alikaa ukingoni mwa kitanda. "Umesema umeshindwa kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nilikuona unavyojishika. Nikasema nisikunyang'anye."

Mama Kiure alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu. "Mimi vidole vimeanza kufa muda mrefu. Nilijua hunikandi. Nimezaa, nimepasuliwa, najua kukandwa kulivyo. Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Siku ile ya kwanza ulifumba macho. Nikajua umemkuta." Aliitazama bandeji. "Yule mtoto alikuwa mume wako, na mimi nikamchukua. Alipokuja kunipa pacha ningesema, hapana, mpe mkeo. Sikusema. Nilikaa naye hapa miaka mitatu, ananidundia mchana na usiku, na wewe hukumpata hata siku moja. Nilikuwa nakuona unavyokimbilia jikoni. Kwa hiyo nikasema, acha na yeye amshike kidogo. Mkono wangu ni mkono wa kizee, wa nini?"

Namsifu aliinama mpaka paji la uso likagusa godoro. Mama akaweka ule mkono uliofungwa bandeji mgongoni mwake, na kupitia vitambaa vyote vile, kifundo cha mkono kikimgusa shingo, Namsifu aliyasikia mapigo.

"Sasa nataka tuache," Mama Kiure alisema. "Wote wawili. Lakini unikande wewe. Mtu wa Same hamjui."

*

Safari hii Namsifu alibonyeza. Alibonyeza mpaka ngozi ikapauka, akaishika kati ya vidole viwili, akaiinua kutoka kwenye nyama, akaisokota. Chini yake alizisikia nyuzi zikikatika moja moja, kama mizizi ya magugu unapoyang'oa. Mama aling'ata pindo la kanga. Jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa na baridi.

"Nizungumzishe," alisema kupitia meno. "Niambie kitu chake ambacho sikijui."

Namsifu akamwambia jinsi Kiure alivyomtongoza, kwa kuvunja saa yake ya mkononi makusudi na kuileta kwa akina Namsifu ili amtafutie fundi, wakati fundi anakaa jirani na kwa Kiure. Mama alicheka na machozi yanamtoka. Naye akamwambia jinsi Kiure alivyokuwa akiogopa maji utotoni, akiogeshwa kwa kushikwa na watu wawili. Wote wawili wakafikiria mahali alipofia. Vidole vya Namsifu havikusimama.

Siku zilivyokwenda, kovu lilianza kusogea. Mapigo nayo yalidhoofika. Kwanza kukapotea kule kujikwaa kwa moyo, halafu mapigo yakawa yanakuja kwa kuchelewa, kama hodi ya mgeni asiyetegemea kufunguliwa. Namsifu alikuwa akienda kazini, akiwakanda wagonjwa wengine, akirudi.

Asubuhi moja aliweka kidole na kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha likaja pigo moja, hafifu sana. Alijua mahali lilipo: uzi mmoja tu, mwishoni mwa kovu, upande wa kidole gumba. Alijua pia kwamba akibonyeza mara mbili tatu litakuwa limekwisha.

Mikono yake iligoma. "Mama," alisema. "Ni huu tu umebaki."

"Najua. Namsikia."

"Nikiuacha mmoja hauwezi kukudhuru haraka. Tunaweza kungoja hata..."

"Namsifu."

Walitazamana. Mama Kiure aliinamia mkono wake mwenyewe, akaweka midomo karibu na kovu, akasema jambo kwa Kipare, la kumtakia mtu safari. Alisema polepole, lote, bila kukatiza. Kisha akamsogezea Namsifu mkono. "Na wewe sema lako."

Namsifu aliweka shavu lake pale juu, akasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza kifuani. Likapiga. Likakaa. Likapiga tena.

Alijinyoosha, akachota mafuta, akabonyeza.

Baadaye mama aliuliza, "Umesikia?"

"Limenyamaza, mama."

"Basi nenda kwa wazee. Waambie waje, tumlilie mwanangu."

*

Walimlilia siku nzima na nyingine, uwanja mzima ukijaa watu, na shimo likachimbwa nyuma ya nyumba kuzikwa koti lake la baridi kwa kuwa mwili haukuwepo. Mama Kiure alilia kama ambavyo hakuwahi kulia, akishikiliwa na wanawake. Daktari Nanzia alikuja akakaa kwenye mkeka na wengine. Kisha watu wakatawanyika, na nyumba ikabaki na hao wawili.

Kovu lilikuwa bado linataka kazi. Makovu huchukua miezi. Kila asubuhi Namsifu aliendelea kulikanda, na chini ya kidole chake hapakuwa na kitu tena, ila ngozi ya mama mtu mzima, laini, inayoteleza. Ilikuwa kazi ya huzuni zaidi kuliko ile ya mwanzo. Hawakuwa wakiongea sana. Vidole vya mama vilikuwa bado vimekufa, na Namsifu alianza kuamini kwamba amechelewa, kwamba hilo ndilo atakaloishi nalo.

Asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya milimani huingia hadi ndani ya mifupa, alimaliza kovu akaanza kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, kama kawaida, akiwa anawaza mambo mengine. Alipofika kwenye kidole cha kati, Mama Kiure aliuvuta mkono wake ghafla.

"We!" alisema kwa hasira. "Mikono yako ina baridi kama chura."

Kisha wote wawili wakabaki wanakitazama kile kidole.

Namsifu aliweka viganja mdomoni, akapuliza, akavisugua kwa muda mrefu mpaka vikapata moto. Mama alikuwa akimngoja, mkono ameshaunyoosha tena.